Shingo ya Mtahini

Nchi yenyewe haimo katika ramani, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Na kama utaapa kwamba unaifahamu, kwamba hata juzi ulipanga foleni katika ofisi zake, hayo ni yako na moyo wako. Hapa hapakusemwa kitu. Wenyeji huiita Inamia. Ni nchi ya amani, mvua za kutosha, na migongo mibovu kuliko yote chini ya jua.

Migongo hiyo haikuharibiwa na jembe. Iliharibiwa na heshima. Sheria ya Inamia imepanga kwa ufundi mkubwa mtu ainame kiasi gani mbele ya nani. Mbele ya diwani unainama mpaka ukione kifungo cha suruali yako. Mbele ya mkuu wa wilaya, magoti. Mbele ya waziri, kamba za viatu. Na kama huna viatu unaazima, maana ni utovu wa adabu kumwonyesha waziri vidole vitupu. Anayesimama wima siku zote ni mmoja tu, Mkuu wa Nchi, ambaye cheo chake rasmi ni Mnyoofu wa Kwanza. Ili asije akainama hata kwa bahati mbaya, kila mlango nchini uliongezwa kimo. Kuta hazikuongezwa, bajeti haikufika. Basi kila nyumba ina mlango uliochomoza juu ya paa, na mvua hupitia papo hapo, na watu hulowa wakiwa ndani huku wakiishukuru serikali kwa kuwaletea maji majumbani.

Sasa, mtu akiinama kutwa nzima, si lazima atafute wa kumnyoosha? Ndivyo kazi ya unyooshaji mgongo ilivyoshamiri Inamia, na katika kazi hiyo hapakuwa na mkono kama wa Bi. Sikitu.

Bi. Sikitu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye vidole vinene na mdomo usiolala. Alimshika mteja huku akimchokoza.

"Mgongo huu umewainamia wangapi leo?"

"Mmoja tu, mama."

"Muongo wewe! Huu umemwinamia mkuu wa wilaya, na mkewe, na mbwa wao."

Mteja akifungua kinywa acheke, ko! Pingili imeshakaa mahali pake, kicheko hata hakijatoka.

Lakini kinyozi hajinyoi. Bi. Sikitu mwenyewe alikuwa na siri shingoni. Alipokuwa mwanafunzi alianguka kutoka juu ya paa, akisaidia kuongeza kimo cha mlango wa chuo, na pingili moja ya juu haikurudi sawasawa. Ikiguswa na mjuzi, inatulia. Ikisokotwa na mjinga, mikono yote miwili inakufa ganzi, na huenda isiamke tena. Na mnyooshaji asiye na mikono ni nini? Ni mdomo tu, na midomo Inamia ilikuwa imejaa tele.

Aliyeijua siri hiyo ni mtu mmoja, Daktari Lwitiko, aliyesoma naye benchi moja. Kila Ijumaa baada ya kazi Lwitiko alipita kwa Sikitu, wakanywa chai, wakashikana shingo kwa zamu: lala wewe, kisha nilale mimi. Hakuna aliyemwapia mwenzake udugu, kwa sababu ndugu wa kweli hawana haja ya kukumbushana.

*

Matatizo yalianza pale serikali ilipogundua kwamba watu wanapona.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri wa Unyoofu uwanjani, na wananchi wakazitazama kamba za viatu vyao, "serikali yenu sikivu haikatai mtu kupona. Kupona ni haki! Lakini kupona kupita kiasi ni uchochezi. Juzi nimepita sokoni, muuza nyanya akanitazama usoni. Usoni! Nikamuuliza, we mama, una nini? Akanijibu, nimenyooshwa. Kanyooshwa na nani? Kwa kibali cha nani? Kuanzia leo hakuna atakayeugusa mgongo wa raia bila leseni, na hakuna atakayepata leseni bila mtihani wa vitendo!"

Makofi yakapigwa huko chini, kwa kuwa mikono ilikuwa huko.

Likaundwa Baraza la Taifa la Migongo, na Daktari Lwitiko akateuliwa mwenyekiti wa watahini. Alikuja kwa Sikitu siku hiyo hiyo, tai mpya ikimkaba.

"Da Sikitu, nakutaka uwe mtahini wangu."

"Mimi? Mimi tai siwezi. Nitajinyonga."

"Tai nitavaa mimi. Wewe kazi yako kulala."

Hakuwa anatania. Katika kazi ile mtahini hakai kwenye kiti na kalamu. Mtahini hulala kitandani, mtahiniwa akamshika, maana anayeujua mkono wa mjinga ni anayeshikwa, anayetazama hudanganyika tu. Mtahiniwa anapapasa mgongo, anashika kiuno, halafu mwisho anakwenda shingoni. Hapo shingoni pana utaratibu. Anaigeuza polepole mpaka ifike pale inapokaza, na papo hapo mwenyekiti aliyesimama upande wa kichwa anasema, "Inatosha!" Mikono inaachia. Shingo ya mtahini haialishwi, yaani hailizwi ko, hata siku moja. Fundi hupimwa kwa jinsi anavyofika ukingoni. Kuruka hata mbuzi anaweza.

"Na yangu unaijua ilivyo," alisema Sikitu.

"Naijua kuliko ninavyomjua mama mkwe wangu."

"Huyo humjui kabisa, unamkimbia."

Wakacheka. Kisha Lwitiko akaishika mikono yake, akasema taratibu, "Ndiyo maana nitasimama mimi mwenyewe pale kichwani. Mwingine ataisema 'Inatosha' saa anayojisikia. Mimi nitaisema kabla hujapepesa jicho. Wanipe cheo, wanipe jumba, shingo yako sitaichezea."

Sikitu akakubali. Akaona hata fahari, maskini.

*

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Watahiniwa walikuja kutoka kila wilaya, wengine mafundi, wengine wababaishaji, na Sikitu akiwa amelala kifudifudi aliwachambua kama dagaa.

"Bwana, unanipapasa au umepoteza funguo?"

"Samahani, mtahini."

"Usiombe samahani, panda juu kidogo. Hapo ulipo ni soksi yangu."

Aliyekuwa na mkono alifaulu, asiye nao alirudi kwao akafuge mbuzi. Na kila aliyefika shingoni, pale tu ilipokaza, sauti ya Lwitiko ilishuka kutoka juu kama tone: "Inatosha!" Sikitu alizoea hata akawa anasinzia.

Ndipo zikaja habari kwamba siku ya mwisho atatahiniwa Shemeji.

Jina lake lilikuwa Hamdani, lakini kwa kuwa dada yake aliolewa na Waziri wa Unyoofu, nchi nzima ilimwita Shemeji, hata watu wasiokuwa na dada. Alikuwa ameitumikia nchi kwa muda mrefu. Aliwahi kuwa Mkurugenzi wa Mamba wa Kufugwa. Mamba wakala bajeti, naye akala mamba. Kisha akawa Msimamizi Mkuu wa Mawingu, cheo alichokiacha baada ya mawingu kukaidi waraka. Sasa alitakiwa haraka awe mnyooshaji mwenye leseni, kwa sababu ambayo haikusemwa hadharani na kila mtu aliijua: Mnyoofu wa Kwanza alikuwa anaumwa mgongo. Miaka yote hiyo ya kusimama wima bila kuinama hata kuokota kalamu ilikuwa imemkausha kama mwiko. Alihitaji mtu wa kumshika, na mtu huyo sharti awe wa nyumbani.

Asubuhi ya mtihani Shemeji alimkuta Sikitu kwenye meza ya chai. Alikuwa mtu mnene, mpole, asiye na kinyongo na yeyote.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Shemeji."

"Eti dada, huu uti wa mgongo unaanzia juu au chini?"

"Inategemea unaukimbilia au unaukimbia."

Shemeji alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akasogeza kiti karibu. "Mimi dada sitaki makuu. Watu wa ofisini wameniambia hayo mengine niyapitie juu juu. Nikifika shingoni nishike, nifumbe macho, nizungushe kwa nguvu zangu zote mpaka isikike ko. Waziri anataka aisikie akiwa palepale kitini. Wanasema bila mlio hakuna leseni."

Sikitu akatabasamu. "Hutafika huko, Shemeji wangu. Kabla macho hayajafumba vizuri, Daktari Lwitiko atakuwa ameshasema 'Inatosha'."

Shemeji akamtazama. Alimtazama vile unavyomtazama mtu aliyevaa nguo mpya huku mvua inakuja. Akachukua andazi lake, ambalo alikuwa hajaligusa, akalisogeza mbele ya Sikitu.

"Kula, dada," alisema. "Kula tu."

Mlangoni mwa ukumbi Sikitu alimkuta mwenyekiti akiirekebisha tai.

"Kaka Lwitiko, nasikia Waziri anataka mlio."

"Maneno ya ofisini hayo. Wewe kalale."

Hakumtazama. Lakini tai ile ilikuwa imepinda kweli, na Sikitu akaona hiyo inatosha kuwa sababu.

*

Waziri aliingia na bendi. Watu wakainama, bendi ikainama, mpiga tarumbeta akapulizia sakafuni. Waziri akaketi kwenye kiti kilichowekwa juu ya meza, akatoa hotuba fupi ya muda mrefu kuhusu shingo kama kiungo kinachounganisha fikra za viongozi na mwili wa taifa. Kisha akasema, "Mtahiniwa aanze, bila upendeleo wa aina yoyote. Karibu, Shemeji."

Shemeji akaanza. Alipapasa kwa bidii, jasho likimchuruzika.

"Nimeuona uti!" alitangaza.

"Hicho kiwiko," alinong'ona Sikitu.

"Nimeuona uti wa kiwiko!" alijisahihisha Shemeji, na ukumbi ukashangilia.

Sikitu alikuwa anacheka kimoyomoyo. Aligeuka akalala chali, kichwa juu ya mto mdogo, akaangalia juu. Alimwona Lwitiko kichwa chini miguu juu: kidevu, matundu ya pua, ile tai. Mikono ya Shemeji ikamshika taya. Ilikuwa na joto na harufu ya sabuni nzuri, na ilikuwa haijui kitu. Ilikuwa kama mikono ya mtu anayefungua chupa gizani.

Shemeji akafumba macho. Shingo ikaanza kugeuka.

Ikageuka mpaka pale inapokaza. Sikitu akasubiri.

Waziri alikuwa amekinga mkono sikioni. Mikono ya Shemeji ikazidi kidogo, kama unywele hivi, na ile pingili ya zamani ikainua kichwa kama nyoka aliyekanyagwa mkia.

"Lwitiko," alisema Sikitu, kwa sauti ya chini.

Lwitiko aliangalia juu, kule mlango ulikochomoza kwenye paa.

"Kaka Lwitiko, sema."

Kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kikaanza kufa ganzi. Akayakaza macho kwenye koo la rafiki yake. Na hapo akaona jambo ambalo asingeliamini kama angesimuliwa: kikoromeo cha Lwitiko kikapanda, kikapanda na lile neno mpaka juu kabisa karibu na ulimi, kikasimama, kikamtazama Waziri, kisha kikashuka nalo taratibu. Alilimeza.

Kilichomwokoa ni jasho. Mikono ya Shemeji iliteleza, akaiondoa kuipangusa kwenye suruali, macho yakiwa bado yamefumbwa kama alivyoagizwa. Sikitu hakungoja. Alijiviringisha ukingoni, akadondoka upande wa pili wa kitanda kama embe bivu, akaingia uvunguni. Mikono ya Shemeji ikarudi, ikakuta kitu laini, ikakikumbatia, ikakisokota kwa nguvu zote ambazo nchi ilikuwa imemlisha.

Mto haukusema kitu. Mto hauna mifupa.

Kutoka uvunguni Sikitu aliona viatu vya Lwitiko, na juu ya viatu, nyuma ya suruali, mikono yake miwili. Aliijua mikono ile kuliko yake mwenyewe. Ndiyo iliyomlaza kila Ijumaa. Mkono wa kulia ukavikamata vidole vya mkono wa kushoto, ukavikunja kwa pamoja.

Ko!

Mlio mzuri, wa kitaalamu. Sikitu akabaki anautazama mkono ule. Kumbe ulikuwa unaweza. Ulimi ulishindwa neno moja kwa ajili yake, lakini vidole vilikuwa tayari kumwokoa Shemeji.

"Nimesikia!" Waziri aliruka kutoka kitini. "Ndugu zangu, mmesikia?"

"Tumesikia!" walijibu wote, na makofi yakapigwa chini kwa chini.

"Na mgonjwa yuko wapi?"

Hapo pangeweza kusemwa mengi. Lwitiko akakohoa kidogo. "Amepona, Mheshimiwa," alisema. "Amekwenda zake."

"Naam! Hiyo ndiyo kasi tunayoitaka!"

Bendi ikapiga wimbo wa taifa, beti zote. Sikitu aliusikiliza akiwa uvunguni, shavu sakafuni. Katikati ya ubeti wa mwisho, ambao hutaja udugu, Shemeji aliinama kumshukuru Waziri, na kwa kuwa aliinama kweli kweli, akamwona.

"Dada!" alinong'ona. "Pole. Umepona kweli?"

"Nimepona, Shemeji," alijibu Sikitu. "Hasa macho."

*

Yaliyofuata mliyasikia wenyewe, au mliyasikia ya nchi nyingine yanayofanana nayo. Shemeji alipata leseni na akaenda Ikulu. Sikitu alipewa onyo kali kwa kosa la kupona bila kuruhusiwa. Lwitiko akapandishwa, akawa Kamishna wa Shingo, na jumba akapewa.

Siku ya kwanza ya kazi Shemeji alifumba macho, akazungusha. Mnyoofu wa Kwanza akatoka akiwa bado wima, sifa njema, ila uso umeelekea kushoto, na haukurudi. Asubuhi iliyofuata redio ikatangaza kwamba tangu zamani za mababu kushoto ndiko mbele, na kila raia mwenye mapenzi mema aangalie huko. Watu wakawa wanainama huku wamegeuka, wanagonga nguzo, wanaziomba radhi. Mtu alisalimia ukuta, mkewe akaitika.

Makamishna waliteseka kuliko wote, kwani walikuwa na wengi wa kuwainamia na walitakiwa waonekane wakiinama. Haukupita muda mrefu Lwitiko akawa hawezi kulala. Wanyooshaji wenye leseni walijaa mjini, lakini leseni zile alizitoa yeye, na alizijua zilivyopatikana. Ijumaa moja akaja kwa Sikitu, baada ya Ijumaa nyingi za kutokuja.

Alipita moja kwa moja kuelekea kitandani, kama zamani.

"Foleni, bwana," alisema Sikitu bila kuinua kichwa.

Lwitiko akacheka. Watu wa kwenye benchi hawakucheka. Akarudi, akaketi kati ya mama mwenye kikapu cha mihogo na fundi viatu, tai yake ikiangalia mbele na uso wake ukimwangalia fundi. Zamu yake ilipofika Sikitu akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Jina lako?"

"Da Sikitu, jamani."

"Namuuliza kila mgeni. Jina?"

"Lwitiko."

"Unaumwa wapi, bwana Lwitiko?"

"Unajua ninapoumwa." Akashusha sauti. "Ningefanyaje? Nina watoto, dada. Waziri alikuwa ananitazama. Na tuseme kweli, vidole vyangu si ndivyo vilivyoyamaliza mambo siku ile? Bila vile vidole wangekutafuta, wakakurudisha kitandani."

"Vidole vyako vilimwokoa Shemeji. Mimi niliokolewa na sakafu." Akakung'uta shuka, akalitandika upya. "Lala."

Akalala chali. Sikitu akaweka mikono chini ya kichwa chake, taratibu, kwa ufundi ule ule alioutumia kwa kila mtu. Shingo ilikuwa ngumu kama mpini wa shoka.

"Legeza."

"Nimelegeza."

"Hujalegeza."

Akamsimulia umbea wa mjini. Akamsimulia mtu aliyesalimia ukuta. Benchi zima likacheka. Shingo ya Lwitiko haikucheka. Ikazidi kukaza kila vidole vya Sikitu viliposogea. Alikuwa ameyafumbua macho, anamtafuta uso kutoka chini, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji. Hakuna aliyeijua shingo ile kama Sikitu, na hilo ndilo lililomjia sasa.

"Sikitu," alisema. "Hutanifanya kitu?"

Sikitu akaiondoa mikono yake.

Alikaa kimya kidogo. Wateja wake wa siku zote walisema hawakuwahi kumwona amekaa kimya.

"Amka," alisema. "Shingo inayoniogopa siwezi kuinyoosha. Nikiilazimisha itavunjika, na mimi sikufundishwa na Baraza."

Lwitiko akaketi, akavaa koti kwa tabu, uso umeelekea dirishani. "Sasa niende kwa nani?"

"Anayefuata!" aliita Sikitu.

Mama wa mihogo akapanda kitandani, akaanza kulalamika kabla hajalala. Sikitu akamtania, mama akafungua kinywa acheke, ko! Kila mtu akafurahi. Hakuna aliyeona kwamba alikuwa anafanya kazi kwa vidole tisa. Kile kidogo cha mkono wa kushoto hakijaamka tangu siku ile ya mtihani, na baridi yake inapanda polepole kwenye kiganja. Hakumwambia mtu. Wa kumwambia alikuwa mmoja, na ndiyo kwanza alikuwa anatoka pale mlangoni, akipapasa kizingiti kwa mkono.